Rangi Nyeupe Chini ya Buluu

Mbotela, nyumba za laini ya mbele,
Jogoo Road,
Nairobi.
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa mwanyumba wangu Munyao,

Salamu nyingi sana kutoka kwa mtu ambaye Kampala wanamjua, Kigali wanamjua, na kule Juba hata mbwa wa mpakani walikuwa wakiacha kubweka wakisikia breki zangu. U hali gani huko Doha? Jua halijakukausha ukawa kama omena? Na kifua kile kilichokusumbua wakati wa vumbi, kimetulia? Ukinijibu, anza na kifua kabla ya jambo lingine lolote, maana mtu anayefunga vyuma juu ya ghorofa hafai kukohoa.

Sisi huku tunasimama kwa miguu yetu, tunamshukuru Mungu. Nthoki wangu yuko sawa isipokuwa usingizi umempungua, na sababu utaiona huku mbele. Tiffany wako ni mzima kutushinda sote. Meno ya mbele yameota tena, makubwa kama ya kwako, pole kwa hilo. Siku hizi ananisahihisha Kiingereza mbele ya wageni. Nilimwambia mimi shule sikuiacha, shule ndiyo iliniacha darasa la saba ikaenda zake, na bado nimefika nchi tano. Akaniuliza, "Baba Mkubwa, ulifika ama ulipitia tu?" Huyo ni mtoto wako kabisa, na ni mtoto wa Mwelu kabisa.

Nimemtaja Mwelu, na barua hii ni yake. Abdijabar, kijana anayerudi huko kazini, akikukabidhi bahasha, usiifungue ndani ya basi la kazi. Keti kwanza. Ningekupigia simu, lakini chumba chenu kina wanaume wengi na kila mmoja ana masikio mawili. Tena unanijua. Kwa simu nitaanza mzaha, tutacheka, salio litaisha, na neno litabaki limenikwama shingoni. Munyao ndugu yangu, nimejua namna mke wako alivyokufa. Si vile tulivyoambiwa.

Nianze na gari, maana gari ndiyo ilisema kabla ya watu.

Unajua niliagana na malori mwaka jana, mgongo ulipokataa. Nikasema mtu kama mimi hawezi kukaa Mbotela akiuza mayai ya kuchemsha. Nikataka gari ndogo ya kupeleka watoto shule asubuhi na kubebea akina mama wa soko mizigo mchana. Shemeji yetu Mutisya akasikia. Akanipigia, sauti tamu kama ya mtu wa bima: ana Probox ya buluu, amekaa nayo kidogo tu, safi, na kwa nini pesa iende kwa mtu wa nje na watu wa nyumbani wapo? Ile yake nyeupe unaikumbuka, iliyobeba chakula siku ya harusi yako. Hiyo alisema aliiuzia mtu wa Kitui kitambo.

Tukaenda Tala, mimi na Nthoki. Hapa nataka ujue mimi si mjinga. Lori likipiga mwayo Mariakani, mimi nalisikia nikiwa Voi. Lakini Mutisya gari alikuwa ameiegesha wapi? Mbele ya mlango wa jikoni wa mama mkwe, na mama mwenyewe ameketi pale kwa kigoda akichambua mbaazi. Niliposimulia jambo hili kwa Mbuthia, fundi wa kunyoosha bodi kule mtaa wa Baba Dogo, alicheka hadi akashika ukuta. "Yaani mzee mzima hukuingia chini ya gari kwa sababu ya mama mkwe?" Nikamwambia, wewe Mkikuyu hujui nthoni. Kwetu mwanamume halali chini mbele ya mamake mkewe, shati limepanda, tumbo nje, miguu imetawanyika kama ya chura. Heri anunue gari bila magurudumu.

Basi sikulala. Nilifungua boneti, nikategesha sikio, nikatangaza, "Moyo mzima!" Nikavuta suruali juu nikawa mtu wa heshima. Na kuvutana bei na wakwe pia ni aibu. Mutisya alikuwa akitabasamu tu. Mama mkwe hakuitazama ile gari hata mara moja, alikuwa ameipa mgongo, na mimi nikadhani ni heshima ananipa mimi.

Nikaingia nayo Mbotela nikipiga honi. Nani hakutoka nje? Jirani yetu Jecinta alisema sasa nimeanza kuonekana kama mtu aliyesafiri. Kila asubuhi nilijaza watoto wa mtaa nyuma, na Tiffany anaketi mbele, kushoto kwangu, ndiye bosi. Anawaita kwa majina, asiyejibu anaandikiwa kosa. Gari ilikuwa ikivuta kushoto kama punda anayekumbuka nyumbani. Tairi la kushoto likaliwa upande wa ndani. Mvua za Aprili zilipokuja, maji yakawa yanakusanyika chini ya miguu ya mtoto. Nikalaumu barabara. Kwa Eastlands, ukikosa wa kulaumu, barabara ipo.

Halafu asubuhi moja napinda kuingia Rabai Road, boda akanikatia mbele, nikakanyaga breki. Tiffany alienda mbele, na mshipi wa kiti ukaenda naye, umeng'oka na mzizi wake, bolti imeshika kipande cha bati lililooza kama mkate uliolowa. Paji la uso likagonga dashibodi. Usiogope, ulikuwa uvimbe wa limau tu, na Jecinta aliukanda kwa maji ya chumvi ukaisha. Sikukuambia wakati ule. Mtoto hakulia. Alikuwa ameshika mshipi mkononi, akaniuliza, "Baba Mkubwa, nimeiharibu?"

Mchana huohuo nikaenda Baba Dogo kwa Mbuthia. Nthoki alikuja nami kwa sababu hakuniamini tena na magari, na sikumlaumu. Mbuthia alizunguka akigonga kwa mpini wa nyundo. Upande wangu ukalia ngo, ngo, ngo. Upande wa kushoto ukalia pu, pu, pu, kama mtu anayegonga godoro.

"Mzee, hii gari uliuziwa na adui?"

"Niliuziwa na shemeji."

"Basi ni adui aliyekula kwenu."

Tukacheka. Akang'oa zulia la chini. Akakwangua. Ndani ya mlango wa kushoto mlikuwa na puti ya kuzibia bati, nene kama chapati tatu, na chini ya puti mabati ya paa yameshonwa kwa moto wa weldi. Nguzo inayoshika mlango wa kushoto haikuwa ya gari hiyo, ilikatwa kwa gari nyingine ikapachikwa. Sakafu ilikuwa imevutwa kwa nyororo na mikunjo haikuwa imeisha. Buluu ilipotoka, chini yake ikaonekana nyeupe. Mbuthia aliacha kucheka. Alipangusa mikono kwa kitambaa polepole sana, akasema, "Mzee, mtu aliyekuwa ameketi upande huu hakushuka mwenyewe."

Nthoki akasogea, akaweka kidole kwenye ile nyeupe. "Baba Mutua, hii ni ile ya Mutisya." Nikamwambia magari meupe duniani ni mengi kuliko kuku. Alienda nyuma, akafungua mlango wa mizigo, akashika mkeka uliokuwa umebandikwa kwa gundi akauvuta kwa mikono miwili hadi ukararuka. Chini yake palikuwa na duara lililoungua. Ni ile sufuria ya pilau ya harusi yako, Munyao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka ikiwa moto, na Mutisya akamkaripia mbele ya wageni. Unakumbuka tulivyomcheka.

Alikalia tairi kuukuu, akahesabu miezi kwa vidole. Kwa sababu Mutisya alisema aliiuza ile nyeupe lini? Mwezi uleule tuliomzika Mwelu.

Tuliambiwa matatu iligonga lori Kangundo Road. Sasa hebu jiulize kama tulivyojiuliza sisi tukiwa pale kwa Mbuthia: nani kati yetu aliiona hiyo matatu? Wewe ulinyimwa ruhusa ya kuja, ukatazama maziko kwa simu. Mimi nilikuwa Lubumbashi, nikafika siku ya kaburi na vumbi la Kongo kwa viatu. Nthoki alikuwa hospitalini, amejifungua Mutua wetu kwa kisu, hata kugeuka kitandani hawezi. Kila kitu kilifanywa na Mutisya. Polisi, mochari, jeneza, yeye. Nasi tukamshukuru kwa kusimama kiume.

Jumamosi ya wiki jana tukapanda kwenda Tala. Tulimkuta anaosha pikipiki.

"Ah, shemeji! Kwani gari kubadilisha nguo ni dhambi? Ilikwaruzwa kidogo nikaipaka rangi. Wewe ni mtu wa dunia, fashoni huijui?"

Nthoki akamwuliza, "Ilikwaruzwa na nani akiwa ndani?"

Akacheka. Kisha akaangalia upande wa jikoni, na ule mcheko ukabaki mdomoni hauna kazi.

Ndipo mama mkwe akaniita. Kwa jina. "Mwangangi, ingia." Wewe na mimi tumeoa pale, unajua mlango ule hatujawahi kuukanyaga. Nilisimama nje kama mbuzi kwenye mlango wa duka. Akasema tena, "Ingia. Nthoni imeisha leo." Nikaingia. Moshi ulikuwa mwingi, na sijui kama machozi ya kwanza yalikuwa ya moshi.

Hakuketi. Alisema, "Matatu haikuwako. Walikuwa wawili, ndani ya gari ya huyu. Walitoka kwenye harusi ya watu mchana, mvua inanyesha. Alikuwa amekunywa. Mwelu alimwambia alale kwanza, akakataa. Mwelu naye akapanda kwa sababu alikuwa ameambiwa mtoto ana homa nyumbani." Akapumzika. Mkono alikuwa ameushikilia kwenye ukuta. "Mwana wa kiume nilikuwa nimebakiza mmoja. Nikaona nikisema, nitazika wawili."

Nthoki akasema, "Na mimi, mwaitu, mama yangu? Ukaniacha nipande hiyo gari. Ukaacha mtoto wa Mwelu aketi palepale."

Mama akasema, "Nilimkataza kuiuza. Akasema lazima itoke hapa, kila akiiona halali. Nikamwambia basi auzie mtu wa nje. Akasema mtu wa nje ataingia chini aitazame. Mwangangi hawezi, mimi nikiwa nimeketi hapa."

Nimepigwa na mambo mengi, Munyao. Nimelala Nimule siku ambazo risasi zilikuwa zikipita juu ya turubai. Lakini neno lile lilinikalisha chini, palepale jikoni kwa mama mkwe, kwenye majivu. Heshima yangu kwa mama ndiyo Mutisya aliyoipimia bei.

Nilitoka nikitaka kumpiga. Wewe unajua nilivyo na mikono. Nilimkuta amechuchumaa kando ya ndoo, analia kwa sauti ya mtoto, na mikono yangu ikakataa. Nikamwuliza maswali, kwa sababu nilijua wewe ungeyauliza. Walitoka barabarani kwenye mteremko, wakapiga ukuta wa daraja dogo kwa upande wa kushoto. Yeye alitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Niliuliza kama Mwelu aliteseka. Sitakudanganya, tumedanganyana ya kutosha. Mutisya anasema hakufa mara moja. Alisema anasikia baridi. Mutisya akavua koti akamfunika. Akasema tena baridi, kisha hakusema kitu. Hayo ndiyo yote aliyonipa, na nimekuletea bila kuongeza wala kupunguza.

Kuhusu polisi, wao waliandika walichokikuta: gari ndogo, dereva, abiria mmoja. Uongo haukutoka kwao. Ulitoka nyumbani, ukaja kwako kwa simu, ukafika kwa Nthoki kitandani, ukanikuta mimi kaburini na koleo mkononi.

Waliniomba nisikuandikie. Mama alisema tungoje hadi yeye afe. Mutisya akasema tungoje kandarasi yako iishe, kwa sababu mtu anayefanya kazi juu ya jengo hapewi habari kama hii. Na huyo mwovu, hapo alisema kweli. Neno hilo nimelitafuna siku nyingi. Lakini kila nikikupigia simu unaniuliza Mutisya anaendeleaje, unasema ukija utamletea saa ya mkono kwa vile alivyomhifadhi mke wako. Munyao, ulisema hivyo na mimi nikajibu "yuko poa." Sitaweza kujibu hivyo tena.

Nthoki kwa siku kadhaa aliacha kula. Alikuwa akipika, anapakua, anaketi na sahani hadi chakula kinapoa. Jana jioni ndipo akaniambia, "Mwandikie. Lakini usimfanyie mzaha." Nimejaribu. Pale ulipoponyoka mmoja, nisamehe, mdomo wangu ulizoea barabara ndefu, na asiyechekacheka kwenye barabara ndefu hulala kwenye usukani.

Gari bado iko kwa Mbuthia, haina mlango wa kushoto. Juzi alikuja dalali mmoja wa Huruma, Frankline, kijana wa viatu vyeupe. Akasema, "Mzee, tunaipiga rangi ya silva, wiki haiishi kuna mtu ameingia nayo barabarani akifurahi." Nikamwambia, kijana, huyo mtu ana mtoto. Akaniambia kila mtu ana mtoto. Nikamfukuza, na Mbuthia akamsindikiza na spana. Mutisya pia ametuma neno kwamba ataichukua arudishe nilichotoa. Nimekataa. Nikimrudishia, najua itageuka rangi nyingine.

Sitaiuza. Sitaipaka rangi. Kuikata iwe vyuma vikuukuu, nisingeikata bila wewe, kwa sababu pale ndipo mke wako alipovuta pumzi ya mwisho, na wewe hata mahali pa kusimama ulie hukupewa. Ukisema ikatwe, Mbuthia ataikata, na mimi nitasimama hapo hadi kipande cha mwisho. Ukisema ingoje mpaka uje uione, itangoja, hata nikiwa nalipia uwanja kwa kuuza hayo mayai ya kuchemsha. Na ukitaka kwenda kwa sheria, gari ndiyo shahidi, na mimi nitasema niliyoyasikia jikoni mbele ya hakimu yeyote, hata kama kwa wakwe sitapewa maji ya kunywa tena. Nthoki amejua hivyo. Alikunja shuka huku nikimwambia, akakunja lote, kisha akasema, "Ni Munyao wa kuamua."

Watoto wa mtaa sasa ninawapeleka kwa miguu. Tiffany ndiye anaongoza, na tukivuka Jogoo Road ananishika mimi mkono akidhani mimi ndiye ninayevushwa. Ananiuliza gari itapona lini. Mamake alivyokufa anajua vile anavyojua, matatu na lori. Sikumgusia. Hilo ni la kwako, la kusema au kungoja akue. Mimi ni baba mkubwa tu.

Nakuomba mambo mawili. Usipande juu ya jengo kesho yake. Sema unaumwa, sema chochote. Abdijabar nimemwambia asikuache peke yako siku utakayoisoma hii; sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza, ni kijana mwenye adabu. La pili, usimpigie Mutisya ukiwa na damu ya leo. Nipigie mimi. Nitukane mimi kwanza, mimi nimezoea, nimetukanwa kwa lugha saba.

Jecinta anakusalimu na kukuambia uvae sweta, ingawa nimemweleza Doha ni wapi. Mutua anakusalimu kwa kelele. Tiffany amesema nikuandikie kwamba alikuwa wa pili darasani, na wa kwanza alimwibia. Nthoki alishika hii karatasi kidogo, akanirudishia.

Mama mkwe amekutumia salamu. Tulikuwa tumeshafika kwenye lango siku ile, akatuita tena, akasema, "Mwambieni Munyao mimi bado ni mamake, akitaka." Nimeandika kama alivyosema. Kuzipokea au kuziacha ni juu yako, na hapa Mbotela hakuna atakayekuuliza.

Mutisya hakunituma salamu, nami sikumwomba.

Mungu aliyekushika huko juu kwenye vyuma, akushike na leo ukiwa umeketi chini.

Ni mimi mwanyumba wako, nikupendaye hata siku ya kukuletea habari hii,

Mwangangi
(Baba Mutua)